Jiwe Lilikuwa na Maji Kiasi Gani?

Hii ni hotuba kuhusu umeme, maji na mionzi katika jiwe liitwalo zeolaiti, niliyoitoa Jumamosi asubuhi hapa Arusha, mbele ya walimu wa sayansi, mafundi na wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Wengi walioalikwa walikwama njiani kwa mvua, wakaniomba niiandike. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimezitoa. Hata siku yenyewe hazikufika mbali, umeme ulikatika dakika ya kumi.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu waliokwisha panga kutoroka, mambo vipi? Sogeeni mbele, leo mtahitaji kuona.

Kabla sijasema lolote naomba msaidizi. Binti yule mwenye sweta la kijani, njoo mwanangu. Hapa mezani kuna mita ya fundi umeme, hii ya njano ya bei ndogo. Na hapa kuna kidonge, kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Ni unga wa jiwe uliokandamizwa. Jana usiku kililala kwenye oveni nyuzi 300, na alfajiri nikakifungia kwenye chupa kikiwa bado cha moto. Sasa nakibana katikati ya vipande viwili vya wavu wa shaba, ili hewa iweze kukifikia. Washa mita, weka kwenye ukinzani, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme, ile alama ya 2000k. Inasoma nini?

"Moja, mwalimu."

Moja peke yake, upande wa kushoto kabisa? Mafundi mnajua maana yake. Hiyo si namba, hiyo ni mita inasema, "hili limenishinda, ukinzani ni mkubwa kuliko ninavyoweza kuhesabu." Kwa lugha ya mtaani: hakuna njia. Haya, vuta kiti ukae hapo hapo. Usikiguse, usikipulizie. Kichungulie tu. Nitakuuliza baadaye.

Jiwe hili linaitwa zeolaiti. Wangapi mmewahi kulisikia? Watatu. Wangapi mnalo nyumbani? Hakuna? Nawabishia. Fundi friji akifungua mfumo wa gesi kwenye friji lako, kabla ya kujaza gesi mpya hubadilisha kale kamtungi kadogo ka shaba, draya. Ukikatikisa kanalia kama kayamba. Zile punje za ndani ni zeolaiti, na kazi yake ni kumeza unyevu, usije ukaganda kwenye mrija mwembamba ukaziba njia. Sabuni nyingi za unga zina zeolaiti ya kulainisha maji magumu. Na zile mashine za kuzalisha oksijeni wodini, ambazo kila mtu alizijua wakati wa korona, ndani yake kuna mitungi ya zeolaiti inayonasa naitrojeni ya hewani na kuiacha oksijeni iende kwa mgonjwa. Mashine hiyo ikivuta unyevu mwingi, jiwe linashiba maji, halina tena nafasi ya naitrojeni, na mgonjwa anaanza kupewa hewa tu kama hii ninayovuta mimi bure.

Mmegundua kitu? Kila nilipotaja zeolaiti nimetaja na maji. Ndivyo jiwe lenyewe lilivyo. Hata jina lake limetokana na maji. Mwaka 1756 Msweden mmoja mtaalamu wa madini, Axel Fredrik Cronstedt, alichoma kipande cha jiwe kwa mwali wa moto. Mawe mengine yakichomwa huwa mekundu, mengine hupasuka. Hili likatoa povu na mvuke, kama chungu cha maharage kinachofurika. Akaliita kwa Kigiriki: zeo ni kuchemka, lithos ni jiwe. Jiwe linalochemka.

Kwa nini linachemka? Kwa sababu ndani yake kuna vyumba. Chukueni silikoni, alumini na oksijeni, zishikanishwe kama nguzo na mapaa, mpaka patokee jengo la matundu na korido. Matundu hayo ni madogo mno: upana wa sehemu tatu hadi nane hivi za kumi za nanomita moja, yaani ya sehemu moja ya bilioni ya mita, na molekuli ya maji ina upana wa kama 0.28. Yaani maji yanaingia, mafuta mazito yanabaki mlangoni.

Lakini jengo hili lina deni. Kila penye alumini badala ya silikoni, ukuta unabaki na chaji hasi moja isiyolipwa. Anayelipa ni nani? Sodiamu, potasiamu, kalisi: ioni, yaani atomu zenye chaji, hapa chaji chanya, zinazokaa vyumbani kama wapangaji. Hawakujengewa ukutani. Wamepanga. Na mpangaji anaweza kuhama chumba. Shikeni hilo, maana habari yote ya umeme katika jiwe hili ni habari ya wapangaji kuhama vyumba. Hakuna elektroni zinazotiririka kama kwenye waya wa shaba. Anayetembea ni ioni nzima, na mzigo wake.

Tusidhani haya ni mambo ya Sweden. Sisi tumekaa juu yake. Majivu ya volkano yakianguka kwenye ziwa la magadi, lenye chumvi na ukali wa kuunguza ngozi, kioo cha majivu yale huyeyuka polepole na kujipanga upya kuwa zeolaiti. Ziwa Natron ni mahali pa namna hiyo, na Magadi kule Kenya. Oldupai, tunakopeleka wageni kuangalia mafuvu, matabaka yake yana zeolaiti tele: filipsaiti, chabazaiti, analsimi. Mwanajiolojia Richard Hay alitumia miaka mingi kuyasoma matabaka hayo. Mgeni anapiga picha ya fuvu. Jiwe lililolishika fuvu halipigiwi picha.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Kijana asitoke hapa akaenda kusaga mawe bila kujua anasaga nini. Katika ukoo huu kuna mmoja anaitwa erionaiti, ambaye nyuzi zake ni kama za asbesto. Katika vijiji vya Kapadokia, Uturuki, watu walijenga nyumba kwa mawe yenye erionaiti, wakaivuta vumbi yake maisha yao yote, na saratani ya utando wa mapafu ikawamaliza familia kwa familia. Kwa hiyo barakoa, maji ya kunyunyizia vumbi, na mtu wa kukuambia hilo ni jiwe gani. Kwanza hayo.

Na mzee wangu pale mbele, najua unachotaka kuuliza, maana kila nikisimama Arusha naulizwa: je, litatutolea floraidi kwenye maji? Sisi watu wa chini ya Meru tunajuana kwa rangi ya meno, na huko Maji ya Chai na Ngarenanyuki hatuhitaji kuelezwa. Jibu langu ni la kukatisha tamaa. Floraidi ina chaji hasi. Jiwe hili kuta zake ni hasi, linakaribisha chanya. Likiwa ghafi halitaishika. Hadi lipakwe au ligeuzwe kwa kitu kingine, kama alumini. Kwa kazi hiyo mkaa wa mifupa, ule uliofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, bado una heshima yake.

Turudi kwenye umeme. Mwanangu, mita inasemaje?

"Bado moja."

Bado moja. Sawa.

Baba yangu alikuwa na kahawa Kibosho, migomba na kahawa, shamba la kawaida la kule juu. Nikiwa darasa la sita nilimsindikiza kupeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi. Zamani karani alikuwa anachukua punje anaing'ata: ikibonyea chini ya jino, rudi ukaanike, ikikatika kavu, karibu kwenye mizani. Mwaka ule walikuwa wameleta mashine. Karani akamimina kahawa kwenye kikombe chake, akabonyeza, ikaandika 14. Akasema, "Mzee, bado mbichi, irudishe ikafike 12 au chini yake." Baba akakasirika. Alikuwa ameianika siku kumi, kila saa akiigeuza kwa mkono. Akasema, "Hiyo mashine haijaonja, haijanusa, haijang'ata. Imejuaje?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuo kikuu. Imejuaje?

Imejua kwa umeme. Kikombe kile kina bamba mbili, na kahawa imekaa katikati. Mashine inapeleka umeme unaogeuka mwelekeo, unaoenda na kurudi, na kupima ni chaji kiasi gani inayotunzwa kati ya bamba. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi. Umeme ukigeuka, nayo inageuka, kama watu uwanjani wakifuata mpira kwa macho. Kwa kipimo hicho maji yako 80 hivi, na punje kavu haifiki hata 10. Kwa hiyo tone dogo la maji linapiga kelele kuliko kilo nzima ya kahawa. Mashine ilikuwa inasikiliza maji tu.

Zeolaiti ni hivyo hivyo, na zaidi. Kavu kabisa, sodiamu imeshikwa na ukuta kama mtoto aliyemng'ang'ania mama mlangoni siku ya kwanza ya shule. Kuhama chumba ni taabu. Sasa yaingie maji. Molekuli za kwanza hazizururi. Zinakwenda moja kwa moja kuizunguka ile sodiamu, upande wao hasi ukiielekea. Zinaibembeleza. Sodiamu inalegeza mkono wake kwenye ukuta. Yakiingia mengine, korido zinajaa, na ioni inatembea ikiwa imezungukwa na maji. Upitishaji wa umeme unapanda mara maelfu, na kwa baadhi ya aina hata mara milioni. Jiwe ni lile lile, kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni maji tu.

Tena si sodiamu pekee. Zipo zeolaiti ambazo wapangaji wake ni protoni, yaani haidrojeni iliyopoteza elektroni yake. Hizo zikipata maji zina ujanja mwingine. Mnajua msaragambo? Vijana wa mjini labda mmesikia kwa bibi. Siku ya kujenga darasa, kijiji kizima kinapanga mstari kutoka mtoni hadi kwenye kiwanja, na mawe yanapita mkono kwa mkono. Jiwe linafika juu mlimani, lakini hakuna mtu aliyetembea. Protoni inapita hivyo ndani ya maji: molekuli hii inapokea upande huu, inatoa upande ule. Mwanakemia Theodor von Grotthuss alilifikiria hilo mwaka 1806, kabla hata haijajulikana kwamba kuna kitu kinaitwa protoni. Sasa fikirini msaragambo wenye watu wanne wameachana hatua hamsini. Jiwe litafika? Ndivyo zeolaiti yenye maji machache ilivyo. Mstari umekatika.

Ngoja niwaonyeshe kitu kwa mkono. Kijana wewe mrefu, shika hii chupa nyembamba. Ndani kuna punje kavu za zeolaiti. Ni ya baridi au ya moto?

"Kawaida tu."

Namimina maji, kijiko kimoja. Shika vizuri. Eh! Mbona unabadilisha mkono? (Watu walicheka. Kijana alisema, "Inaunguza!") Sikuwasha moto, mmeniona. Maji yalipokuta wapangaji wenye kiu yalitulia, na kutulia kwake kumetoa joto. Mpitishie mwenzako aishike. Ndiyo maana kuyatoa maji yale tena ni lazima upashe jiwe joto: ulicholipwa ukiyaingiza, utakirudisha ukiyatoa.

Na hapo ndipo mtego ulipo. Fundi mwenzangu maabara aliwahi kupima upitishaji huku akipasha jiwe polepole. Ukapanda. Vizuri, joto linaamsha ioni. Kisha, ilipopita nyuzi mia hivi, ukaanza kushuka. Akagonga mita. Ukaendelea kushuka. Akabadilisha waya. Ukashuka. Baadaye sana, kwenye joto kali, ukaanza kupanda tena. Akaandika pembeni ya daftari: "Mita mbovu." Mita haikuwa mbovu. Maji yalikuwa yanahama. Kwanza joto lilisaidia ioni zilizolowa, kisha likafukuza maji yaliyokuwa yanazibeba, mwishowe likawa kali kiasi cha kuzisukuma hata zikiwa kavu. Mlima, bonde, mlima. Ukimwona mwanafunzi wako amechora mstari mmoja ulionyooka kwa jiwe hili kuanzia joto la chumba hadi nyuzi 400, mwulize kwa upole alipima lini na alilala wapi.

Sasa mionzi.

Neno hili likitajwa watu wanaanza kuangalia mlango, kwa hiyo niseme mapema. Mionzi ya gama kutoka kwenye kobalti-60, metali inayotumika kama chanzo cha mionzi hiyo, haigeuzi jiwe kuwa lenye mionzi. Ukimulika jiwe kwa tochi, tochi ikizimwa jiwe halibaki linawaka. Gama ni mwanga, ila mwanga wenye nguvu za kung'oa elektroni. Tunaipima kwa gray: gray moja ni joule moja iliyomezwa na kilo moja. Mwili mzima wa binadamu ukipata gray 5 kwa mkupuo, bila matibabu, uwezekano mkubwa ni kifo. Sindano za hospitali hupigwa kama gray 25,000 kuua vijidudu. Vidonge vyangu vilipigwa gray laki tano, na kwa macho vilionekana kama vilivyoondoka.

Hadithi yenyewe ndiyo hii, na simlaumu mtu mwingine, kosa ni langu. Miaka ile nilitaka kujua mionzi inafanya nini kwa umeme wa zeolaiti. Nikapima vidonge Februari, jua kali, vumbi, midomo inapasuka. Machi vikaenda kupigwa gama. Vikarudi Aprili, katikati ya masika, kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Bahasha ya kaki! Nikavipaka rangi ya fedha pande mbili, nikaunganisha waya, nikapima. Upitishaji umepanda zaidi ya mara mia.

Mnafikiri nilifanya nini? Nilinunua nyama choma. Nikaandika kurasa nane. Nikaeleza jinsi gama ilivyovunja vifungo ukutani na kuwafungulia wapangaji. Maelezo mazuri, yana mantiki, yana michoro. Nikampa mzee mmoja fundi wa maabara, mtu wa karibu kustaafu, asome tu kwa heshima. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza maneno mawili: "Ulivipima uzito?"

Sikuwa nimevipima tangu Februari. Tukavipima. Vilikuwa vizito kwa asilimia 9 kuliko Februari.

Asilimia 9 ya nini? Ya mvua, ndugu zangu. Ya masika ya Arusha. Vidonge vilikuwa vimekunywa hewa ya Aprili njia nzima, na mimi nilikuwa nimeandika kurasa nane kuhusu mvua nikaiita mionzi. Tulipovikausha kwa pampu ya kunyonya hewa na kuvipima upya, ile mara mia ikayeyuka. Kilichobaki ni tofauti ndogo, na tena ya kushuka.

Jiwe lilikuwa na maji kiasi gani? Hilo ndilo swali. Mtu akikwambia gama imeongeza umeme wa zeolaiti, mwulize: jiwe lilikuwa na maji kiasi gani? Akikwambia imepunguza, mwulize hivyo hivyo. Bado nasoma makala za watu wazima, wenye vyeo, zenye dozi hadi desimali ya pili, na hakuna sentensi hata moja juu ya unyevu wa chumba walichopimia. Siwezi kuzitumia.

Maana mionzi ikipiga jiwe kavu inafanya jambo moja, ikipiga jiwe lenye maji inafanya jambo jingine kabisa. Lianze kavu. Gama inang'oa elektroni ukutani. Nyingi zinarudi, lakini nyingine zinanasa njiani. Mwaka 1965 mtafiti P. H. Kasai alipiga zeolaiti kavu yenye sodiamu kwa mionzi, akachunguza elektroni zilizonaswa. Alichokuta ni hiki: ioni nne za sodiamu, zimekaa katika chumba kimoja, zinagawana elektroni moja. Nne kwa moja, kama watoto na andazi. Na jiwe lililokuwa jeupe linakuwa na rangi ya waridi. Nimeliona kwa macho yangu ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa kwa moto. Weupe umeingia wekundu, kama maziwa yaliyodondokewa na togwa la mtama mwekundu. Vunja shingo ya kichupa, hewa yenye unyevu iingie, rangi inaondoka. Maji yanaichukua ile elektroni. Ukiwa umefunga jiwe lako kwenye bahasha ya kaki, utaiona rangi hiyo kweli?

Na sodiamu iliyoshiriki elektroni haitembei kama zamani. Elektroni zilizonaswa, na nafasi tupu zilizoachwa na elektroni, zinabaki kama misumari njiani. Vifungo vya ukuta vilivyokatika vinaacha sehemu zenye chaji zinazomkamata mpangaji. Kwa hiyo katika jiwe kavu, misumari inaweza kuwazuia ioni kupita. Na kwa upande mwingine, wakati gama yenyewe inapiga, elektroni zilizong'olewa zinapitisha umeme kidogo kwa muda, hadi chanzo kikifunikwa. Mambo mawili yanayokwenda njia tofauti. Ukipima mionzi ikiwa imewashwa na ukipima kesho yake, utapata majibu mawili, na yote ya kweli.

Lipigwe sasa jiwe lenye maji. Gama inavunja maji: haidrojeni huku, vipande vya OH kule, na mwishoni gesi ya haidrojeni na peroksidi. Tena nishati iliyomezwa na ukuta inaweza kuhamia kwenye maji na kuvunja mengine zaidi. Maji yakivunjika na gesi ikitoka, ioni zinabaki bila wabebaji, mstari wa msaragambo unakatika. Mionzi haikumgusa sodiamu. Ilimgusa anayembeba.

Kuna aliyesema pale nyuma, "Hayo ni ya maabara." Sivyo. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliipiga Japani, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima ikaharibika. Ilipozwa kwa maji, maji yakachafuka kwa siziamu-137, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 30 hivi. Yalisafishwa na nini? Na jiwe letu. Tangu Juni mwaka ule maji yalipitishwa kwenye mitungi mikubwa ya zeolaiti. Siziamu ikaingia kama mpangaji, sodiamu ikatoka. Kazi ya namna hiyo ilikwisha fanyika Marekani baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island ya 1979.

Lakini fikirini mtungi ule baada ya kazi. Zeolaiti imejaa siziamu inayotoa mionzi mchana na usiku, na imelowa. Hapo mna kitu kile kile nilichowaeleza: mionzi, jiwe na maji katika chumba kimoja, kwa miongo. Maji yanavunjika, haidrojeni inazalishwa. Ukiziba mtungi kabisa unatengeneza bomu la polepole. Kwa hiyo mitungi imewekewa matundu ya kupumulia. Mtu wa Fukushima hawezi kusema maji ni jambo dogo la pembeni.

Na kuta zenyewe? Kwa dozi za gama kama zangu, kuta zinasimama. Kinachozibomoa ni kitu kikali zaidi, kama mwale wa elektroni wa hadubini kubwa. Nimekaa gizani mbele ya hadubini ya namna hiyo nikiangalia mistari ya fuwele, imepangwa kama matuta ya shamba. Dakika hazijafika mbili, matuta yanafifia upande mmoja, kisha katikati, kisha hakuna mistari, kuna ukungu wa kijivu. Nilikuwa naharibu nilichokuwa nakitazama, kwa kukitazama tu. Na zeolaiti yenye maji inabomoka upesi kuliko iliyokaushwa. Rafiki yule yule anayembeba sodiamu ndiye, akivunjwa na mionzi, anayesaidia kutafuna kuta.

Nilirudia majaribio yangu, bila shaka. Safari hii kila kidonge kilikuwa na pacha wake: pacha alisafiri basi lile lile, kwenye mfuko ule ule, ila hakupigwa mionzi. Na vyote vikazibwa ndani ya kioo. Sikununua nyama choma hadi nilipovipima uzito wote.

Mita hiyo hapo mezani, niwe mkweli, si chombo cha kazi hii. Inasukuma umeme upande mmoja tu. Ioni zinakwenda kurundikana kwenye wavu, na namba inadanganya kadri unavyoiacha. Maabara tunatumia umeme wa kwenda na kurudi, kama mashine ya kahawa ya baba, ioni zisipate nafasi ya kurundikana. Lakini kwa leo inatosha kuona kama njia ipo au haipo. Mwanangu, umekaa kimya sana. Inasoma nini?

"Mwalimu, ile moja imetoka. Ni 1964. Sasa 1958. Inashuka."

Umekigusa?

"Sijakigusa."

Umekipulizia?

"Hapana."

Njooni muone, wawili wawili, msisukumane. Hakuna aliyekimwagia tone. Tumekaa humu watu kama mia moja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, tumeongea, tumecheka. Maji hayo ni pumzi zenu.

Andika namba, mwanangu, na saa pembeni yake. Andika pia kwamba madirisha yalikuwa yamefungwa. Halafu mtu ayafungue, chai iko tayari kule nje.